Nani Alihesabu Miaka ya Shoka la Mawe?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu kutoka Kayole. Mimi ni fundi mawe. Likizo iliyopita nilimpeleka mwanangu Olorgesailie, kule barabara ya Magadi, akaone mashoka ya mawe. Tukaambiwa mengine yana karibu miaka milioni moja, na kwamba vile vijiwe vyeusi vinavyong'aa kama chupa vilibebwa kutoka mbali. Kijana akaniuliza, "Baba, nani alihesabu?" Nikabaki nakohoa. Kufika nyumbani, nikamkuta na kijiwe kimoja cheusi mfukoni. Nifanyeje?

JIBU: Fundi, salamu zimefika. Nusu ya jibu unaishika kila siku kazini. Kozi ya chini ya ukuta hutangulia ya juu, sivyo? Olorgesailie ni vivyo hivyo: udongo wa ziwa la kale, majivu ya volkano, kisha udongo tena. Shoka lenyewe ukilipima utapata umri wa lava lililochongwa kutokana nayo, si siku ya kuchongwa. Kwa hiyo tunapima majivu yaliyo chini yake na yaliyo juu yake, nalo linabanwa katikati.

Majivu hayo yana fuwele zenye potasiamu. Aina moja ya potasiamu huchakaa polepole mno, nusu yake kwa miaka bilioni 1.25, na sehemu ya inayochakaa hugeuka gesi ya agoni. Volkano ikilipuka, joto huifukuza gesi ya zamani. Fuwele zikipoa, hesabu huanza upya. Maabara huziyeyusha kwa leza na kupima agoni iliyofungiwa humo. Kaboni 14, kipimo cha umri ambacho kila mtu hukitaja, haifiki huko; ikivuka miaka kama 50,000 imeishiwa pumzi.

Taabu ni kwamba ukuta huo una viraka. Mito iliutoboa, halafu mashimo yakajaa mchanga mpya, kama fundi aliyekuja baadaye akaziba dirisha la zamani. Shoka likiwa ndani ya kiraka nawe ukadhani ni ukuta wa kwanza, umekosea kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana utatukuta tumepiga magoti tukitafuna udongo. Ukikwaruza meno, una chembechembe za mchanga laini. Ukiteleza, ni mfinyanzi. Ule mweupe hunata ulimini: ni maganda ya mwani wa majini, ushahidi kwamba hapo palikuwa na ziwa. (Mume wangu hataki kusikia habari hizi mezani.)

Sasa vile vyeusi. Wewe jiwe la Ndarugo huwezi kulichanganya na la Njiru. Obsidiani, ndilo jina la vijiwe hivyo vyeusi, kwa macho hudanganya, lakini kila chimbuko lina kipimo chake cha vitu kama zirkoni na rubidi, na mashine ya eksirei hukisoma bila kuvunja jiwe. Mashoka makubwa ya zamani yalichongwa kwa mawe ya jirani. Lakini katika tabaka za miaka kama 300,000 iliyopita, obsidiani ilitoka kati ya kilomita 25 na 95. Ama watu wale walikuwa watembezi hodari, ama walikuwa na jamaa wa kubadilishana nao. Mimi naegemea la pili. Mtu hapandi milima yote hiyo kwa kisu kimoja.

Kijiwe cha kijana usikitupe, wala usikirudishe kimyakimya. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inataka vitu vya kale viripotiwe. Kipelekeni Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill, aende mwenyewe. Na usimchape. Nikiwa mwanafunzi nilichomoa kipande kama hicho ukingoni kabla ya kukipimia mahali pake, nikakimbia nacho kwa mwalimu wangu kwa furaha. Akaniuliza kilikuwa wapi. Nikamwonyesha ukingo mzima kwa kiganja.

Basi leo kabla hajalala, aandike alikiokota wapi: upande gani wa njia, hatua ngapi kutoka kwenye banda.