Baiskeli Italia bila milima wala malori

Ndugu, umeuliza wapi Italia utaendesha baiskeli kwa utulivu, bila vilima. Mimi ningeshukia Ferrara, mji ambao hata bibi kizee anakwenda sokoni kwa baiskeli. Kisha fuata njia ya Destra Po, juu ya tuta la mto Po, kutoka Stellata hadi Gorino, kama kilomita 120. Upande mmoja mto na miti ya popla iliyopandwa kwa mistari, upande wa pili mashamba. Magari ni ya kuhesabu. Ila tambarare isikudanganye: tutani hakuna kivuli, na upepo wa mbele unachosha kuliko mlima. Julai na Agosti achana nako, mbu watakumaliza. Nenda Mei au Septemba, na chupa mbili za maji.