Kabla ya picha ya mahafali, hesabuni upya

Picha yetu ya mahafali ya kidato cha nne, mwaka 2008, ninayo mpaka leo. Tumepanga safu nne chini ya mwembe wa shule, mashati yamenyooshwa pasi, wasichana tumevaa ushungi mweupe, mwalimu wa darasa yuko katikati. Tumo 41. Kwa miaka mingi mtu akiniuliza darasa letu lilikuwa na wanafunzi wangapi, nilimjibu 41 bila kusita, na nilikuwa nakosea. Januari 2005, tulipoingia kidato cha kwanza, mwalimu aliita majina 58.

Wadogo zangu wa Tanga mnaomaliza mwaka huu, nawaandikia kwa sababu ya hao 17.

Hakuna aliyeaga. Mwenzetu mmoja wa Makorora alirudishwa nyumbani kufuata ada zaidi ya mara moja. Wakati ule ada ya shule ya serikali ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na juu yake kulikuwa na mchango wa mlinzi, wa dawati, wa mitihani. Mama yake alikuwa anauza mihogo ya kukaanga. Jumatatu moja hakuja, wala Jumanne. Baada ya wiki kadhaa jina lake likapigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na dawati lake likasogezwa darasa jingine. Mwingine alikwenda baharini na baba yake, akabaki huko. Binti mmoja alipata ujauzito tukiwa kidato cha tatu. Huyu nilikaa naye dawati moja. Kwao Barabara ya 14 nilikuwa nakwenda kula wali wa nazi kama kwetu, lakini habari ilipoenea nikaacha hata kupita mtaa ule, nikiogopa kwamba nami nitasemwa. Nilikuwa na miaka 16. Umri haunipunguzii uzito wa jambo lile.

Sasa sikilizeni kisa cha Amboni. Tulikwenda kule mapangoni tukiwa kidato cha pili, si mbali, kaskazini mwa mji kwa njia ya Horohoro. Aliyewahi kuingia anapajua: unajikunja kupita kwenye tundu, mawe ya chokaa yamening'inia juu ya kichwa, popo wanakupitia sikioni. Mwongozaji akazima taa ili tuone giza lenyewe lilivyo. Darasa zima likapiga mayowe. Mtu akanishika mkono akaniambia, "Usiogope, tuko wote." Nilishikilia kwamba ni kiranja wetu. Nimemsimulia mume wangu hivyo, nimewasimulia wanangu hivyo.

Mwaka 2019, siku ya Idi pili, tukakutana Raskazone, kwenye miti karibu na bahari. Aliyetukusanya ni fundi baiskeli wa Ngamiani, mtu ambaye shuleni hatukumchagua hata uongozi wa zamu ya kufagia. Alianza na majina aliyoyakumbuka, kila aliyemfikia akamwongezea mengine, akazunguka na baiskeli yake mtaa kwa mtaa mpaka orodha ikafika 58. Alikataa katakata kutuita sisi wa mahafali peke yetu. Tulifika 23, na watano kati yetu ni wale ambao hawakumaliza.

Rafiki yangu wa Barabara ya 14 alikuja na mwanawe wa miaka 11. Tulisalimiana, nikashindwa kumtazama sawasawa. Mazungumzo yakanoga, nikaleta kisa changu cha pangoni, nikamshukuru kiranja mbele za watu. Kiranja akashangaa: "Mimi siku ile nilikuwa na homa. Amboni sikwenda." Kimya kidogo. Kisha yule rafiki yangu, aliyekuwa pembeni akiwamenyea watoto machungwa, akasema taratibu, "Ni mimi. Kucha zako ziliniacha alama."

Niliondoka pale nikajifungia chooni, nikalia.

Basi ushauri wangu ni huu. Mnapoketi kuikumbuka shule yenu, kumbukeni mkiwa wote mlioanza, na fanyeni hivyo sasa, kabla hamjatawanyika. Kila mmoja wenu ana kipande chake cha miaka hii minne. Aliyeondoka kidato cha pili ana vipande vya kidato cha kwanza ambavyo wengine hamnavyo.

Mwombeni mwalimu wa darasa awasomee majina ya rejesta ya kidato cha kwanza. Yaandikeni yote kwenye daftari moja. Msitegemee namba za simu, laini hubadilika kila mwaka. Andikeni mtaa, barabara, jina la mzazi kama linavyojulikana hapo mtaani, na msikiti, kanisa au duka lililo jirani. Tanga bado mtu akiuliza kwa mama fulani, Barabara ya 9, atapelekwa hadi mlangoni. Fundi wetu aliwapata watu kwa njia hiyo baada ya miaka 11, na waliokuwa wamehama alielekezwa walikohamia.

Kisha nendeni mkawaalike kwa miguu yenu, wawili au watatu, baada ya alasiri, bila sare za shule. Sare inaumiza. Msimwombe mchango aliyeacha shule kwa kukosa ada. Akikataa kuja, mwacheni, mmeshamwonyesha kwamba jina lake mnalo.

Msiitegemee siku ya mahafali yenyewe kwa jambo hili. Siku ile ina wazazi, mgeni rasmi, risala, ngonjera na jua kali, na kila mtu anatafuta wa kupiga naye picha. Chagueni alasiri nyingine, mkae chini na kachori zenu na juisi ya ukwaju, simu mfukoni, kila mtu asimulie siku moja tu anayoikumbuka. Mwenye deni la msamaha aombe hapo hapo. Mimi langu nililibeba miaka 12, na kulibeba kulikuwa kuzito kuliko kuliomba.

Januari matokeo yatatoka, na hapo ndipo darasa hukatika mara ya pili. Letu lilikatika wiki hiyo hiyo. Waliopata daraja la kwanza na la pili wakaanza kuulizana habari za tahasusi na shule watakazopangiwa, waliopata sifuri wakazima simu. Jiwekeeni mapema utaratibu: kwenye kundi la WhatsApp asiulizwe mtu amepata ngapi. Anayetaka kusema atasema. Mnayemjua ameanguka, mfuateni nyumbani.

Michango nayo huua makundi. Ile tabia ya kubandika orodha ya waliotoa na kiasi walichotoa, ikiacha mapengo mbele ya wasiotoa, iacheni kabisa. Sisi tulikubaliana msiba tu, shilingi 2,000, inapelekwa kwa mweka hazina kimyakimya. Tangu hapo hakuna aliyejitoa.

Na mkimpata mwenzenu anayetamani kurudi kusoma, msiishie kumpa moyo. Mwaka 2021 serikali iliruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kurudi kwenye shule za mfumo rasmi. Aliyepita umri wa darasani anaweza kufanya mtihani wa maarifa, ule wa QT, kisha akafanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Njia hiyo wengi wanaijua kwa kusikia tu, na kinachowashinda ni kujua aanzie ofisi gani, kwa vitabu vya nani. Kiranja wetu sasa ni mwalimu. Alimsindikiza rafiki yangu kujiandikisha, nami nikamletea madaftari ya wanangu. QT ameshaipita. Jumamosi huja kwangu na hesabu zake, tunazihangaikia pamoja mezani, na mwanawe, ambaye sasa anatuzidi sote, ndiye anayetusahihisha.

Katika ile orodha ya 58, wawili wametangulia mbele ya haki, na watatu bado hawajapatikana. Mmoja ni yule wa Makorora. Mama yake alihama, na jirani aliyebaki anasema walielekea Pangani, kwa mjomba. Fundi kaniazima baiskeli nizunguke nayo huko. Jumapili hii napanda basi la asubuhi, nayo ikiwa juu ya keria.