Macho Makavu Yasiyopona: Tuanze na Kope

Anayesumbuliwa na macho makavu huku Nyanda za Juu Kusini hupewa majibu yale yale: ni vumbi, ni upepo, ni moshi wa jikoni, kanunue dawa ya matone. Ninaishi Makambako, ambako sifa za upepo wetu anazijua yeyote aliyewahi kushuka stendi, na ni kweli kwamba kila kipupwe macho yangu huzidi kuchoma. Hata hivyo, upepo huo huvuma kwenye macho ya mji mzima, na wengi hawana shida hii. Kabla ya kununua chochote, ni vyema kwanza kujua kwa nini machozi yako hayatoshi au hayadumu.

Chozi si maji matupu. Juu ya maji hayo hutanda mafuta mepesi yanayotolewa na tezi zilizo kwenye kingo za kope, nayo ndiyo yanayozuia maji yasikauke upesi. Tezi hizo zikiziba, jicho hukauka hata kama maji ni ya kutosha, na pengine hububujika machozi kwa kuwashwa, kiasi kwamba mgonjwa hushangaa kuambiwa kuwa ana macho makavu. Daktari wa macho hutofautisha hali hizi kwa vipimo vyepesi: hutia rangi ya manjano na kuhesabu sekunde ambazo utando wa machozi hudumu kabla ya kukatika, kisha huning'iniza kikaratasi kwenye ukope wa chini kwa dakika 5 ili aone kimelowa milimita ngapi.

Kwangu zilikuwa tezi, kama ilivyo kwa wagonjwa wengi, na kilichonisaidia kuliko vyote hakikutoka dukani. Kitambaa safi huchovywa katika maji ya moto yasiyounguza, kikakamuliwa na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, kikichovywa tena kila kinapopoa (na mwezi Juni hapa kwetu hupoa kabla hujakaa sawa). Kisha kope hukandwa taratibu kwa kidole kuelekea ukingoni, ya juu kwenda chini na ya chini kwenda juu, ili mafuta yaliyoganda yatoke. Kazi hii hufanywa kila siku, na nafuu yake huja baada ya wiki kadhaa.

Machozi bandia nayo yana kazi yake. Anayeyatumia zaidi ya mara 4 kwa siku atafute yasiyo na kihifadhi, ingawa bei yake ni kubwa, kwa sababu kihifadhi kinachotumika sana, benzalkoniamu kloridi, huudhuru uso wa jicho kikitumika mara nyingi. Usiku, jeli au marhamu hudumu zaidi. Ninachokipinga waziwazi ni kujinunulia matone yenye steroidi, kama deksamethasoni. Wekundu hutoweka upesi, ndiyo maana hupendwa, lakini yakitumika kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Vidonge vya mafuta ya samaki sivipingi, ila sivinunui: utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulivilinganisha na mafuta ya zeituni, na nafuu haikuzidi.

Wanaoshinda mbele ya kompyuta wakumbuke kupepesa, maana kwenye kioo tunapepesa mara chache sana. Mwambie daktari dawa zote unazomeza, hasa za mzio na za sonona, kwa kuwa baadhi yake hukausha macho. Kinywa kikikauka pia na viungo vikauma, omba uchunguzi wa magonjwa ya kinga ya mwili, kama baridi yabisi.

Hayo yote yakishindikana, daktari bingwa anaweza kuziba vitundu vinavyopitisha machozi kwenda puani kwa vizibo vidogo, au kuandika matone ya saiklosporini, ambayo huhitaji miezi kadhaa kabla ya kuonyesha matokeo. Lakini maumivu makali, kuogopa mwanga au kupungua kwa uwezo wa kuona havingoji matibabu ya nyumbani. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.