Mvue shujaa nguvu zake kwanza, ndo uamue kama anamfaa mwanao

Wazazi wenzangu huwa wananiuliza mbona nawaachia watoto waangalie masupahiro wakati ni ngumi mwanzo mwisho. Mi nalea wa kwangu na wa dada yangu, na karibu wote ni Spider-Man tu, begi Spider-Man, ndala Spider-Man, na kwa kweli ningeambiwa nichague mmoja wa kuwapa ningewapa huyo huyo.

Jaribu hivi: mvue shujaa nguvu zote halafu angalia amebaki nani. Wapo ambao ukiwavua inabaki hela na hasira. Peter Parker, ndo Spider-Man mwenyewe, ukimvua unabaki na kijana wa Queens, New York, analelewa na baba yake mkubwa Ben na mama mkubwa May, hela hakuna, shuleni wanamcheka, ila kichwa kinachemka. Na kuna kitu watoto wengi hawakijui maana baadhi ya muvi zimekibadilisha: kwenye komiki, tangu mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walipomtoa mwaka 1962, ule utando anaourusha hautoki mwilini mwake, kaubuni mwenyewe, kimiminika kachanganya mwenyewe na vifaa vya kuurushia mkononi kaviunda mwenyewe. Nguvu alipewa na buibui aliyemuuma, lakini sayansi aliisoma. Mwambie hilo mtoto anayelalamika kuwa sayansi ngumu, uone atakavyokusikiliza.

Ila sehemu ninayowarudia sana ni ya mwizi. Wengi wanadhani alipopata nguvu akaanza kuokoa watu hapo hapo, hapana, alianza kutafuta hela, akaingia ulingoni kwenye mieleka, akaenda kwenye TV kujionyesha, na huko mwizi anapita mbele yake anakimbia, askari anampigia kelele amzuie, na yeye uwezo anao kabisa, hata kumtega mguu tu ingetosha, akamwacha apite kwa sababu haimhusu. Baadaye mwizi yule yule ndo anamuua baba mkubwa Ben.

Hapo huwa nasimamisha tunaongea. Hakuna mahakama ya kumshitaki, askari alimgombeza yakaisha, lakini Peter mwenyewe anajua. Na watoto wanaielewa haraka kuliko tunavyodhani, kwa sababu wao kila siku wanaona mwenzao anaonewa darasani na wanajua kabisa ile hali ya kugeuka upande mwingine. Usiwahubirie, waulize tu wewe ungefanyaje, halafu unyamaze wakujibu.

Kinachonifanya nimheshimu Peter ni anavyoishi baada ya hapo. Anapiga picha anaziuza kwenye gazeti la Daily Bugle ili amsaidie mama mkubwa na bili za nyumba, na bosi wa gazeti hilo hilo, Jameson, anamwandika Spider-Man kuwa ni mtu hatari kwa jamii, yaani anakula kwa mtu anayemchafua na hawezi kujitetea, na bado usiku anatoka kusaidia watu. Mtoto wa leo anayehesabu laiki anahitaji sana kumwona mtu anayefanya jema bila makofi.

Superman wengi wanamwona mkamilifu mno, lakini kwenye toleo lake la kwanza la 1938 kuna sehemu anaingia nyumbani kwa watu kumzuia mwanaume anayempiga mke wake. Nampenda sana kwa hilo.

Binti yangu yeye wake ni Kamala Khan, yule shujaa anayeitwa Ms. Marvel, msichana Muislamu wa Jersey City, wazazi wametoka Pakistani, na kwenye komiki yake ya kwanza ya 2014 wanamkatalia kwenda pati. Tunabishana sana kuhusu hiyo pati maana alitoroka akaenda, na mi naona ni bora tubishane kwenye kochi kuhusu Kamala kuliko nikae nisubiri siku binti yangu naye atakayotoroka.

Halafu kwa wale wadogo kabisa, waambie wazi kwamba kuruka kutoka kabatini au ukutani kunavunja mifupa, wao wanaamini wanachokiona. Na muvi iliyoandikwa sio ya umri wao usiwawekee kisa ina barakoa ya buibui, watafute katuni zilizotengenezwa kwa ajili yao, zipo nyingi na mtu ni yule yule.