Maswali na Majibu: "Dhahabu ya Mjerumani" katika Machimbo ya Kale ya Sekenke

SWALI: Mheshimiwa mtaalamu, shikamoo. Marehemu baba alituachia shamba karibu na machimbo ya zamani ya Sekenke, wilayani Iramba. Ndani yake kuna shimo refu lililozibwa na vichaka, kuna sakafu nene ya zege yenye vyuma vilivyochomoza, na juu ya kilima kuna nguzo fupi ya mawe yenye alama. Amekuja mtu mwenye mashine ya antena, anasema Wajerumani walificha dhahabu mita 12 chini ya ile nguzo. Anadai shilingi milioni nne na nusu za kuanzia pamoja na kondoo mweusi, na ndugu zangu wamekwisha kukubali kuuza ng'ombe. Je, jambo hili linawezekana? Na hiyo ramani ya Mjerumani inapatikana wapi?

JIBU: Marahaba. Wazuie ndugu zako wasiuze ng'ombe hata mmoja mpaka wamesomewa jibu hili lote.

Nimekuwa mjiolojia kwa miaka mingi, na hakuna swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili. Huulizwa na wakulima, walimu wastaafu, hata watu waliosoma sayansi, nami hukasirika kila mara, kwa sababu nyuma ya swali huwa kuna familia iliyokwisha kutoa fedha. Kwa hiyo nitaanza na kile ambacho Wajerumani walifanya hasa Sekenke, maana uongo huu unaishi kwa kuwa historia yenyewe haisimuliwi.

Sekenke iko chini ya mteremko mkali unaoshuka kutoka uwanda wa juu wa Iramba kuelekea mbuga ya Wembere, ule mteremko ambao kila dereva wa njia ya Singida hadi Nzega anaufahamu. Miamba ya hapo ni ya kale mno, ina umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu, na dhahabu yake imo katika mikanda ya mawe meupe ya kwatzi iliyopenya kwenye nyufa za miamba hiyo. Wajerumani walianza kuchimba mwaka 1909, na mgodi huo ndio uliofungua uchimbaji wa dhahabu wa kisasa katika nchi ambayo sasa ni Tanzania.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, koloni lilizingirwa baharini na fedha za sarafu zikaadimika. Mwaka 1916 serikali ya kikoloni ikaanza kugonga sarafu zake yenyewe mjini Tabora: za heller 5 na heller 20 kwa metali duni, na za rupia 15 kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Sarafu hiyo ya dhahabu, yenye picha ya tembo mbele ya milima, iligongwa vipande 16,198. Kila kimoja kina uzito wa takriban gramu 7.2, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu halisi. Ukipiga hesabu utapata karibu kilo 87 za dhahabu kwa sarafu zote pamoja, na kwa kuwa dhahabu ni nzito mno, mzigo huo wote ungeyeyushwa usingejaza ndoo ya lita 5. Mwezi Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora.

Tafakari jambo hilo kwa makini. Serikali iliyofikia hatua ya kugonga sarafu za shaba nyekundu na njano katikati ya vita ilikuwa inaihitaji kila gramu ya dhahabu iliyotoka ardhini. Isingekuwa na sababu ya kuiacha chini ya kilima, na isingeweka juu yake nguzo inayoonekana kutoka mbali ili adui aifuate. Isitoshe, baada ya vita mgodi ulifanyiwa kazi tena chini ya utawala wa Waingereza, na waliokuja walikuwa na wahandisi, wapimaji na vibarua waliolipekua eneo hilo kwa miaka mingi.

Sasa tuvitazame vitu vilivyomo shambani mwako. Sakafu ya zege yenye vyuma ni msingi wa mashine, yaani injini au kinu cha kuponda mawe, na vyuma hivyo ni boliti zilizoishikilia isicheze. Nguzo ya mawe juu ya kilima, kwa maelezo yako, ni bikoni ya upimaji. Wapimaji waliipima nchi kwa pembetatu kutoka kilele hadi kilele, wakaacha alama na herufi ili wenzao wazikute, na nyingine ziliwekwa kuonyesha mipaka ya maeneo ya uchimbaji. Kuibomoa bikoni ni kosa kisheria, na hasara yake huwarudia wananchi wenyewe siku ya ugomvi wa mipaka. Nimeona vilele ambavyo bikoni imeng'olewa na chini yake pamechimbwa shimo la kumzidi mtu urefu, halina kitu. Huko huko Singida watu huchimba hata tuta la ile reli ya Manyoni hadi Kinyangiri wakiamini ni kazi ya Mjerumani, ilhali ilijengwa na Waingereza katika miaka ya 1930 na kung'olewa katika miaka ya 1940.

Kuhusu ile mashine: kifaa halisi cha kutambua metali hutuma mawimbi ya sumaku ardhini, na kitu kidogo kama sarafu hukipata kwa kina cha makumi machache ya sentimita tu. Hakuna kifaa cha mkononi kitakachosema "dhahabu, mita 12". Antena inayozunguka juu ya mpini hugeuzwa na mkono wa aliyeishika, basi. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya aina hiyo hiyo kama vitambuzi vya mabomu, na watu walikufa kwa kuviamini. Anayekuja na kifaa hicho pamoja na kondoo mweusi, au anayetaja zebaki nyekundu, kitu ambacho hakipo duniani, anajua vizuri anachokifanya, na fedha ya kuanzia ndiyo dhahabu anayoitafuta.

Kinachonitia hofu zaidi ya fedha ni lile shimo. Wachimbaji wa zamani waliacha kweli mawe yenye dhahabu chini ya ardhi, nayo ni nguzo za mwamba zilizobakizwa kwa makusudi ili zishikilie paa. Anayezichokonoa anajiangushia mlima. Matimba ya wakati ule, yaani magogo yaliyoshikilia kuta na paa, yamekwisha kuoza, na maji yamejaa katika vyumba visivyoonekana, yakisubiri ukuta utobolewe. Tena madini ya salfaidi, yaani metali iliyoungana na salfa, yaliyomo ukutani hunyonya oksijeni kidogo kidogo mwaka baada ya mwaka, na hewa mbaya hutuama chini bila harufu wala rangi. Anayeshuka hulegea ghafla na kuanguka. Ndugu yake hushuka kumwokoa, naye huanguka juu yake. Watu huja kusema kwamba mzimu wa Mjerumani umewachukua, na mganga hupata kazi mpya.

Ramani uliyoulizia ipo, ila haionyeshi hazina. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma inahifadhi ramani za miamba na taarifa za migodi ya zamani, na mwananchi anaweza kuziomba. Zitakueleza mikanda ilielekea wapi na mashimo yalichimbwa upande gani. Kama baada ya kuzisoma mtapenda kuchimba, kumbukeni kwamba hati ya shamba haiwapi haki ya madini yaliyomo. Nendeni kwa Afisa Madini Mkazi mkaulize kwanza kama eneo hilo lina leseni ya mtu mwingine, kisha muombe leseni ndogo ya uchimbaji. Chukueni sampuli za mwamba mzipeleke maabara. Jiwe lenye gramu 10 kwa tani ni zuri sana, na gramu hizo 10 zikikusanywa pamoja zinakaribia tu ukubwa wa punje moja ya harage.

Wiki hii fanya mambo mawili. Zungushia shimo uzio wa miiba mikavu, mbali na ukingo wake kwa sababu udongo wa ukingoni hubomoka, ukawaonye watoto na wachungaji. Kisha mpeleke mwenyekiti wa kijiji akaione bikoni ingali imesimama, kabla yule mtu wa antena hajarudi.