Rangi ya mafuta kwenye galvanaizi: kwa nini inabanduka, na uanzie wapi

Mkuu uliyeuliza kwa nini geti lako la galvanaizi (chuma kilichofunikwa kwa zinki ili kisishike kutu) linabanduka rangi vipande vikubwa wakati fundi alipiga msasa na kupaka mikono miwili: usimlaumu kwa msasa. Chukua kipande kilichobanduka ukigeuze. Kama hakina kutu nyuma, na chuma kilichobaki bado kinang'aa, basi kosa si kutu, ni rangi iliyoachia zinki.

Rangi nyingi za mafuta ni za alkidi, yaani gundi yake imetengenezwa kwa mafuta. Zikikaa juu ya zinki, halafu unyevu ukapenya, hutengenezwa sabuni ya zinki. Simaanishi kitu kama sabuni, ni sabuni kwelikweli, na rangi yako imelala juu yake. Hilo huchukua muda, ndiyo maana siku ya kukabidhiwa kazi kila mtu hufurahi. Kwa hiyo ukipaka mkono wa tatu juu ya hiyo iliyopo, unapoteza hela. Kwangua yote kwanza.

Ikishatoka, osha. Hapa ndipo wengi wanalipua. Galvanaizi mpya hutoka kiwandani na mafuta au dawa ya kuzuia kutu nyeupe, na kuifuta kwa kitambaa kimoja chenye tina ni kuyahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Tumia sabuni ya kukata grisi na brashi ya nailoni, kisha suuza kwa maji mengi. Mwagia maji safi uangalie: yakijikusanya matone matone, grisi bado ipo, rudia. Yakitandaa kama shuka moja bila kukatika, endelea.

Hiyo kutu nyeupe, ule unga mweupe unaotokea mabati yakipangwa yakiwa na maji katikati hutoka kwa amonia iliyozimuliwa na brashi ileile ya nailoni. Vaa glavu, na usithubutu kuichanganya na dawa ya klorini, hewa yake ni sumu.

Msasa upige kwa mkono mwepesi, namba 120 hadi 180, kuondoa mng'ao tu. Anayekushauri upige grainda mpaka chuma kitokee anakuharibia mali. Bati la daraja la Z275 lina zinki ya takriban maikroni 20 kila upande. Unywele ni mnene kuliko hapo. Ukiimaliza zinki, ulinunua galvanaizi ya nini?

Na wanaosema uoshe kwa siki? Inapunguza mng'ao, haiondoi mafuta. Wenye kazi kubwa hutumia dawa ya asidi ya fosforiki inayogeuza zinki mpya kuwa nyeusi, na pasipogeuka panajulisha kwamba hapakuoshwa vizuri. Naipenda kwa sababu haimfichii fundi mvivu. Chuma kilichokwisha kupigwa na jua na mvua muda mrefu kikafifia hakihitaji hayo, kioshe tu.

Praima, yaani rangi ya chini ya kushikilia, iwe ya akriliki ya maji au epoksi ya kuchanganya makopo mawili, na kopo liseme wazi kwamba inafaa kwa galvanaizi. Ipake siku hiyohiyo chuma kikishakauka. Epoksi usiiache wazi juani, itatoa unga. Ifunike kwa rangi ya juu inayokubaliana nayo.

Halafu kagua maungio. Palipochomelewa zinki imeungua, kwa hiyo hapo safisha masizi na upake kwanza rangi yenye vumbi la zinki, la sivyo kutu nyekundu itaanzia hapo.