Taa ya kijani lakini grafu tupu: yalonikuta mie Pemba na data za kiwanda

Assalaam alaykum wakuu, poleni na mihangaiko.

Nimelisoma suali la ndugu yetu wa kiwanda cha barafu hapo Unguja. Kwa ufupi anasema wamenunua programu ya uchambuzi, ana vyanzo vitatu vya data, yaani databesi ya skada (mfumo wa kompyuta unaosimamia mitambo), faili za CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, za loga ya umeme (kifaa kinachorekodi vipimo), na daftari la zamu ambalo kijana analichapa kwenye Excel, ameviunga vyote na kila kimoja kinaonesha taa ya kijani, lakini akifungua grafu ya saa moja ya nyuma hamna kitu, na ya jana joto la chumba na umeme wa kompresa haviendani kabisa, kompresa inapumzika na chumba ndo kwanza kinapoa. Fundi keshamwambia labda sensa mbovu. Yakhe, usinunue sensa. Haya haya yamenikuta mie na yalinila karibu mwezi mzima.

Nipo kwenye kiwanda kidogo cha mtu binafsi Pemba, tunakamua mafuta, makonyo ya karafuu zaidi, na msimu ukimaliza tunatia majani ya mkaratusi na mchaichai. Boila inatoa mvuke, mvuke unapita kwenye pipa la makonyo, unatoka na mafuta, unapozwa kwa maji na mafuta yanajitenga. Tajiri alitaka kujua kwa nini mkupuo mmoja, yaani pipa moja la kukamua, unatoa mafuta mengi na mwengine kidogo na makonyo ni yale yale. Ndo nkaambiwa wewe si ulisoma kompyuta, ingiza data kwenye programu tufanye uchambuzi. Wazee pale wakacheka, uchambuzi wanaoujua wao ni ule wa kukaa jamvini usiku kuchambua karafuu na makonyo. Lakini ukweli kazi yenyewe ni ile ile, unatenga kimoja kimoja kwa mkono, hamna njia ya mkato.

Kwanza hiyo taa ya kijani. Inakwambia programu imefika kwenye seva na pasiwedi imekubaliwa, basi. Haikwambii kama jedwali ulilolitaja lina kitu, wala kama saa yake ndo saa yako.

Mie nlihangaika na madraiva na fayawoli wiki mbili, nkabadilisha hiki nkarudisha kile, mpaka siku moja nkamwambia mwenzangu wa boila hebu tufanye jambo moja. Tukafunga valvu ya mvuke makusudi, saa 4 na robo asubuhi, kwa saa ya simu, nkaandika kwa chaki ukutani. Dakika kumi tukaifungua tena. Jioni nkaenda kutafuta lile shimo, yaani pale mvuke ulipokatika, kwenye kila chanzo. Kwenye databesi ya skada lipo 07:15. Kwenye faili la loga lipo 10:22. Kwenye Excel ya daftari imeandikwa 04:15. Kitendo kimoja, valvu moja, saa tatu tofauti, na programu maskini imezipokea zote ikazichora kama ilivyopewa.

Sasa tazama. 07:15 ni kwa sababu ile databesi inaweka saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko UTC+3, masaa matatu mbele yake. Nlipoiunga, palikuwa na sehemu ya kuchagua taimu zoni ya chanzo nkaiwacha kama ilivyo, programu ikadhani hizo ni saa za hapa. Ndo maana grafu ya saa moja ya nyuma inakuwa tupu, data ipo lakini imekaa masaa matatu nyuma. Bakhti yetu huku hatusogezi saa kama Ulaya, kwa hivyo kosa hili ni masaa matatu kamili mwaka mzima, ukiona pengo la masaa matatu usitafute mchawi. Na wewe wa barafu, kama joto linatoka skada na umeme unatoka loga, basi mie naona hapo hapo pa kuanzia.

10:22 ni loga yenyewe, saa yake imekimbia dakika saba kwa sababu haina mtandao wa kusawazisha saa, tangu ilipofungwa hakuna aliyeigusa. Dakika saba kwa barafu labda si kitu, kwetu ni nyingi. Kama vifaa vyako vina mtandao viweke vyote vichukue saa pahala pamoja kwa NTP, njia ya kusawazisha saa kwa mtandao, kama havina basi kila mwezi mtu apite na simu azirekebishe.

Hii 04:15 ndo ilonichekesha na kuniliza. Mzee wa zamu anaandika saa 4 na robo, kama sote tunavyosema, kijana wa ofisini kaichapa 04:15. Kumbe ndani ya kolamu ile ile zamu nyengine vijana wanaandika saa za simu, 10:15. Kwa hivyo ukikuta 8:00 hujui ni asubuhi, au saa 8 mchana yaani 14:00, au saa 8 usiku. Na hujamaliza. Mzee akiandika "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule usiku baada ya magharibi ya Alhamisi, kama tulivyolelewa, kijana anatia tarehe ya Ijumaa, kazi ya usiku mzima inasogea siku nzima mbele. Tukawa na mikupuo inatoa mafuta na boila iko baridi! Wallahi hata programu ya mamilioni haikusaidii hapo, inabidi ukae na mzee na daftari na kikombe cha chai. Mwisho nkachora fomu mpya, zamu inachaguliwa, tarehe ni ile ya zamu ilipoanza, na saa inaandikwa kama inavyosomeka kwenye saa kubwa ya ukutani nlonunua ya tarakimu 24. Mzee alinuna wiki mbili akazowea.

Kwenye tarehe pia tahadhari, 03/04/2023 kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani inasoma Machi 4, na zile zenye siku zaidi ya 12 inashindwa inaziwacha kama maneno. Dalili yake fungua Excel utazame, tarehe ya kweli inajipanga kulia ya seli, ilobaki maneno inajipanga kushoto, ukiona zimechanganyika usiingize kitu. Mie sasa kila faili natoa kwa mtindo 2023-04-03T10:15:00+03:00, zoni ipo humo humo, hakuna wa kukisia. Na usizifungue CSV kwenye Excel ukazisevu tena, inabadilisha kimya kimya, halafu Excel ina kikomo cha mistari 1,048,576, sensa moja inayoandika kila sekunde inajaza karibu siku 12 tu.

Jengine ni umeme. Pemba tangu 2010 tunapata kwa waya wa baharini kutoka Tanga, tofauti na zama za majenereta, lakini kukatika kunakatika, na kwetu PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, ikizimika ikiwa betri yake imekufa inaamka haijui leo lini. Nlikuta mistari mia kadhaa ya 1970-01-01 03:00. Hiyo 1970 ni sifuri ya kompyuta, yaani siku inayoanzia kuhesabu saa, na hiyo 03:00 ni ile +3 yetu. Mistari kama hiyo itupe, mmoja tu ukiingia grafu yako inanyooka kuanzia 1970. Na pengo la umeme usilijaze sifuri! Nlifanya hivyo mwanzo nkaona ni usafi, wastani wa joto la boila ukaporomoka tajiri akataka kumfukuza mtu. Liwache pengo, na kwenye mipangilio ya tagi, yaani ya kila kipimo ndani ya programu, weka kikomo programu isiunganishe mstari kupita dakika kadhaa. Vitu vya kuwaka na kuzima, kama kompresa yako, viweke vichorwe ngazi ngazi, usiwache viunganishwe kwa mshazari, maana kompresa haiwezi kuwa nusu imewaka.

Vipimo napita haraka: geji yetu kongwe inasoma psi, sensa mpya bar, na bar 1 ni psi 14.5, makonyo daftari linasema magunia na gunia la mvua si gunia la kiangazi, tukanunua mizani. Na sensa ya joto ya Pt100 waya wake ukikatika haisomi sifuri, inaruka juu kabisa, kwa hivyo joto la ghafla la mia nane na kitu si moto, ni panya katafuna waya.

Kwenye kuunga kwenyewe nna mawili tu. Ukitumia ODBC, njia ya Windows ya kuunga programu na databesi, weka DSN (maelezo ya muunganisho yaliyohifadhiwa) ya mfumo, usiweke ya mtumiaji, kwa sababu programu inaendeshwa kama servisi, yaani inajiendesha yenyewe nyuma, kwa akaunti nyengine na ile yako haiioni, utaona jaribio linakubali na usiku data haiji. Pili, omba akaunti ya kusoma tu, na usivute kutoka kompyuta ya skada kila sekunde. Mie nlivuta, skada ikaganda zamu ya usiku, nlichoambiwa asubuhi sikiandiki hapa. Sasa navuta kila dakika tano na inatosha. Faili za loga, kwa kuwa kadi yake inachomolewa mara moja kwa wiki, ziweke chanzo peke yake, ukizichanganya na databesi programu inaona keshafika Ijumaa, data za Jumatatu zikija zimechelewa inaziruka.

Kwa hivyo ami, kesho kompresa namba moja izime makusudi dakika kumi, saa unayoijua, andika ukutani. Kisha tafuta lile shimo kwenye vyanzo vyote vitatu uje utuwekee hapa saa tatu ulizozipata, na saa ya ukutani, ntakwambia kila kimoja ukiseti vipi.